Naomba ushauri: riwaya moja imetugawa kikundini

Wapenzi wa vitabu, habari zenu. Naongoza kikundi kidogo cha usomaji, na mwezi huu tulichagua Beloved ya Toni Morrison, riwaya ya mwaka 1987 juu ya mama aliyetoroka utumwani, akamuua bintiye asirudishwe huko. Chanzo chake ni kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwanamke aliyekuwa mtumwa huko Marekani, mwaka 1856.

Kikao kilikuwa kigumu. Akina mama wawili walizungumza huku wakilia. Kijana mmoja ambaye hajapata mtoto alimhukumu mama huyo papo hapo. Mwenzetu ambaye ukoo wake ulipitia utumwa alinyamaza muda wote, kisha akasema amechoka kugeuzwa msemaji wa mateso. Neno hilo limenichoma, kwa sababu mimi ndiye niliyemgeukia na kumwuliza, "Wewe unaonaje?" Wengine walilalamikia tu masimulizi yanayoruka huku na huko, ingawa kwangu mimi kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa haiji kwa mpangilio.

Naombeni ushauri, hasa walimu wa fasihi. Nataka kila mtu asome kwa maisha yake, maana hatusomi kwa macho tu, lakini sitaki asili ya mtu itumike kuwafunga wengine midomo, wala kumlazimisha yeye aseme. Mnaanzaje mjadala wa namna hii? Kuandika maoni kimya kimya kwanza kumewahi kuwasaidia? Na yule mwenzetu, nimfuate faragha nimwombe radhi, au nitamwongezea mzigo? Tunakutana tena wiki ijayo.