Naomba ushauri: kozi za bure mtandaoni naanza nyingi, simalizi hata moja

Kalamu_Kavu: Wakuu, habari zenu. Tangu mwaka jana nimejiandikisha kozi sita za bure. Wiki ya kwanza natazama video mpaka usiku wa manane, daftari linajaa. Ikifika ya tatu naanza kuruka mazoezi. Ya takwimu imeganda asilimia 38, na kila Jumatatu naletewa barua pepe ya kunikumbusha. Siifungui kwa aibu. Tatizo ni mimi? Au nilipie cheti ili nibanwe?

Mzee_wa_Chaki: Pole mkuu, hauko peke yako. Mwaka 2011 walimu wawili walifungulia dunia nzima kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walijiandikisha kama 160,000, wakamaliza 20,000 na ushee. Mwaka uliofuata chuo kingine cha huko, MIT, kikaleta kozi ya saketi za umeme: walioingia wapata 155,000, waliofaulu 7,157. Hao elfu saba usiwadharau, hakuna ukumbi wa mihadhara unaowatosha. Ila darasani ukikosa siku mbili mtu anakuuliza ulikuwa wapi. Huku ukipotea, hakuna anayejua.

Binti_Hesabu: Napingana kidogo na mzee. Si kila anayeingia anataka kumaliza. Mimi nilifuata mada moja tu, uwezekano, nikaielewa, nikatoka. Kwenye hesabu zao nimeandikwa nimeshindwa, na kazini naitumia kila siku. Jiulize kwanza: ulifuata nini kwenye hizo sita?

Fundi_Data: Cheti usilipie sasa. Pesa haikukalishi kitini, mimi nililipa na bado nikaacha. Fika nusu kwanza. Na soma masharti kabla ya kuanza, maana hii "bure" imepungua sana. Majukwaa ya kozi za mtandaoni, Coursera na edX, yalipoanza 2012, ukimaliza ulipata hati bila malipo. Kuendesha majukwaa haya ni ghali, ikabidi walipishe vyeti, halafu kwenye kozi nyingi hata mazoezi yenye maksi yakafungiwa wanaolipa. edX yenyewe iliuzwa 2021 kwa dola milioni 800 kwa kampuni ya biashara. Kama huna uwezo, baadhi ya majukwaa yana fomu ya kuomba msaada wa ada. Jaza, usione haya.

Jingine: acha kutazama video kama tamthilia. Isimamishe kabla mwalimu hajatoa jibu, likokotoe mwenyewe kwenye karatasi. Nilipoanza hivyo, video ya dakika kumi ilinichukua saa nzima, na ndiyo kozi ya kwanza niliyoimaliza.

Mama_Wawili: Tafuta mwenzako, hata mmoja. Usiku watoto wakilala tulikuwa tunatumiana picha za majibu yetu. Nisipotuma, ananipigia.

Kalamu_Kavu: Asanteni sana wakuu. Nimejitoa kwenye tano, nimebaki na takwimu, kwa sababu ndiyo naihitaji kazini. Kuna anayeisoma? Naanza upya wiki ya tatu Jumamosi.

Mgeni_Njiani: Nipo. Nilikwama wiki hiyohiyo, swali la nne. Nicheki inbox.