Tumeuziwa maporomoko 25 ya Zambezi, tukapelekwa 14. Tunataka pesa zetu!

Wadau, nimeudhika mno. Tulikuwa watu 12, tumechangishana miezi kwa miezi kwenda Zambia kushuka Mto Zambezi kwa boti za mpira, chini ya Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko makuu ya Victoria. Tangazo la kampuni lilisema wazi: siku nzima, maporomoko yote 25, yaani sehemu za maji ya kasi zilizopewa namba kuanzia juu kwenda chini. Tukalipa zote Februari, safari Juni.

Siku yenyewe tumeshashika makafi, ndipo tunaambiwa maji ni mengi, tutaanzia namba 11 na kuishia 24. Bei ileile.

Sina ugomvi na mto. Zambezi hujaa kwa mvua za Angola na magharibi mwa Zambia, maji yakatuama kwanza kwenye nyanda za mafuriko za Barotse, magharibi mwa Zambia, hivyo kilele chake hufika huku chini karibu Aprili, mvua zenyewe zikiwa zinakatika. Juni maji bado ni mengi. Anayetaka kuanzia namba 1 huambiwa asubiri Agosti na kuendelea. Aliyepokea pesa zetu anaishi kwa mto huo, leo aniambie hakujua? Na hiyo namba 9 waliyoitangaza, wateja hawapitishwi kabisa! Hushushwa wakaizunguka kwa miguu juu ya mawe.

Lakini pesa ningeweza kuzisamehe. Usalama, hapana. Boti tatu, kayaki (mtumbwi mdogo) ya uokoaji moja, wakati maji yakiwa mengi anayeanguka hubebwa mbali kabla boti haijageuka. Dada mmoja wa kundi letu alionyesha mapema kwamba kifungo cha jaketi lake la kuokolea kimekatika. Akajibiwa, "Litashika tu." Boti ilipopinduka jaketi likampanda hadi usoni, likamziba. Waliomvuta ni wenzake wawili, kiongozi yuko upande wa pili anahangaika na kamba. Alitapika maji, anatetemeka, na bado ilibidi apande kwa miguu ule ukuta wa korongo la Batoka. Hakuna aliyemuuliza hali.

Tumedai nusu ya pesa. Jibu lao: mlisaini fomu. Fomu ile inataja hatari za mto. Haitaji jaketi bovu, wala kuuziwa kisichokuwepo.

Tangazo ninalo, risiti ninazo, picha ya kile kifungo ninayo. Aliyewahi kudai akarudishiwa kwa safari ya Zambia aniambie alianzia ofisi gani.