Uyoga wa malishoni Sabaki: ndio ule wa Ulaya wa kuona mambo?

Kijana_Barani: Salaam wakubwa. Tangu masika yashike, malisho ya ng'ombe upande wa Sabaki, karibu na Malindi, yamejaa uyoga. Una kichuchu juu ya kofia, kama picha za Psilocybe semilanceata, ule uyoga wa Ulaya unaomfanya mlaji aone njozi. Nataka kujua tu kama ndio wenyewe. Haraka kidogo, tafadhali.

Mzee_Maweni: Sio. Huo ni wa nyasi za nchi za baridi, hasa Ulaya, na huota msimu wa majani kupukutika. Hauoti juu ya mavi, hula mizizi ya nyasi iliyokufa. Ni mdogo mno: kofia milimita 5 hadi 25, shina jembamba la sentimita 4 hadi 10. Ukilowa ni hudhurungi na una ngozi ya utelezi inayobanduka, ukikauka unapauka. Joto la Malindi hauliwezi.

ChumviGongoni: Haraka ya nini? Uyoga umepangiwa kesi?

Dada_Shela: Picha hazitoshi. Kata shina, laza kofia matamvua (vile vijikunjo vya chini yake) yakiwa chini kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa glasi hadi asubuhi, uone rangi ya unga wa mbegu unaodondoka. Nusu nyeusi ni kwa sababu unga mweupe hauonekani kwenye karatasi nyeupe. Semilanceata hutoa unga wa zambarau iliyokolea. Panaeolus wa kwenye samadi hutoa mweusi tii. Kijana, ni wa nani huu uyoga?

Kijana_Barani: Wa mgeni mmoja. Ameshatoa arubuni. Nimekausha ndoo ndogo. Lakini siuzi, namtafutia tu, na mwenyewe anaujua, kwao anakula.

Dada_Shela: Anaujua wa kwao. Na ukishakauka dalili nyingi zimepotea: utelezi haupo, rangi imebadilika, kofia imejikunja. Hata rangi ya bluu inayojitokeza shina likijeruhiwa huwezi kuitegemea tena.

Mzee_Maweni: Na sheria je? Psilosibini, ile dawa ya ndani ya uyoga inayoleta njozi, imo Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa za kuathiri akili, na Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994. "Namtafutia" si utetezi, mwanangu.

ChumviGongoni: Hata Waingereza uliwatoa jasho. London, 1799: familia ilichuma uyoga Green Park, ikapika kiamshakinywa, na mtoto wa miaka 8 akashikwa na kicheko kisichozuilika. Daktari Everard Brande aliyaandika. Psilosibini ndani ya semilanceata ikaja kuthibitishwa 1963, Albert Hofmann akiwa mmoja wa watafiti.

Kasa_Watamu: Mnachezewa. Kichuchu, malisho, mvua: hayo ni maelezo ya kitabu cha Ulaya, kijana ameyabandika Sabaki. Uyoga wenyewe hajatueleza hata ukubwa wake. Uzi wa kutunga huu.

Kijana_Barani: Situngi, kaka. Nilibakisha mmoja mbichi, nikafanya alivyosema dada. Kofia inazidi kisahani cha chai, ina magamba ya hudhurungi, na shina lina pete. Kichuchu nilichosema ni magamba ya katikati. Unga umetoka kijani.

Dada_Shela: Kijani! Huo ni Chlorophyllum molybdites. Matamvua yake huwa meupe ukiwa mchanga, ndiyo maana watu hudanganyika. Hakuna cha kuona mambo: ni matapishi na kuhara, mara nyingi ndani ya saa 1 hadi 3, na maji ya mwili hukauka upesi, hasa kwa watoto na wazee. Kuna aliyekula?

Kijana_Barani: Hakuna. Ila ukichemshwa sana si sumu inaisha? Arubuni nimeshatia mafuta ya pikipiki.

Mzee_Maweni: Usitegemee moto. Na usidhani wote ni wa kutapisha tu: upo mdogo wa hudhurungi, Galerina, wenye sumu ya ini. Huo huanza kuumiza baada ya saa 6 au zaidi, kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika. Fukia hiyo ndoo mbali na mbuzi. Mtu akila, hospitali papo hapo, na kipande cha uyoga mkononi. Asipewe maziwa.

Kasa_Watamu: Kwa unga wa kijani nakubali, hakutunga. Lakini mgeni bado simwamini.

ChumviGongoni: Mpikie samaki wa kupaka, kijana, na arubuni ihesabiwe humo.