Fatuma, Fatma au Fatimah: tuandike lipi kwenye cheti cha mtoto?

Kipepeo wa Pwani
Wakuu, mtoto wetu wa kike anarithi jina la bibi yake mzaa baba. Vitambulisho vya bibi vimeandikwa Fatuma. Shangazi zake wanataka Fatma, na upande wa mama wanashikilia kuwa sahihi ni Fatimah, eti Fatuma ni kuliharibu jina la binti wa Mtume. Ni jina moja au matatu? Na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, tuandikishe lipi?

Alifu Twa Mimu
Jina ni moja. Kwa Kiarabu lina herufi tano: fa, alifu, twa, mimu na ta marbuta, ile ta ya mwisho ya maneno ya kike. Shina lake linahusu kumwachisha mtoto ziwa. Anayeandika Fatimah anaionyesha ile ta marbuta kwa h; wa Fatima anaiacha. Fatma ni matamshi ya Waturuki, Wamisri na Waomani, irabu fupi ya kati ikimezwa, ndiyo maana Zanzibar akina Fatma ni wengi.

Fatuma halijaharibika hata kidogo. Kiswahili hakipendi t ikutane na m, kwa hiyo huingiza irabu, na m ikiwa ni sauti ya midomo huivuta u. Khidma ilikuwa huduma kwa njia hiyohiyo. Tena ni umbo la zamani: Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, 1696 hadi 1698. Bibi wa mtoto ana jina lenye heshima yake kamili.

Binti Makame
Naongezea jamaa zake. Wasomali wana Faadumo, Wairani Fatemeh, Afrika Magharibi Fatoumata na kifupi chake Fatou. Kwetu vifupi ni Fatu na Tuma. Batuli na Zahara si maumbo ya Fatuma. Yametokana na lakabu za Bi Fatuma binti wa Mtume, al-Batul na az-Zahra. Msiichanganye Zahara na Zuhura, ambayo ni ile sayari. Wakatoliki nao humwita mtoto Fatima kwa ajili ya mji wa Fátima, Ureno, panapokumbukwa kutokea kwa Bikira Maria mwaka 1917.

Karani Mstaafu
Kidini yote yanafaa, ila kwenye makaratasi kila umbo ni jina tofauti. Cheti cha kuzaliwa kikisema Fatma, cha shule Fatuma na pasipoti Fatimah, atadaiwa kiapo kila aombapo mkopo wa masomo au mirathi, na tiketi ya ndege isiyolingana na pasipoti humkwamisha uwanjani.

Kosa huanzia kwenye tangazo la kizazi, yaani karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, kwa sababu anayeijaza huandika anachosikia. Mpe jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, pamoja na majina ya baba na babu kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Soma herufi moja moja kabla hujaondoka. Andikisheni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, utaratibu wa waliochelewa unadai ushahidi zaidi. Siku ya kuanza shule pelekeni nakala ya cheti, msitaje jina kwa mdomo.

Ushauri wangu ni Fatuma. Mtoto anarithi jina la bibi, basi na alirithi pamoja na herufi zake. Shangazi wataendelea kumwita Fatma nyumbani, hilo halihitaji cheti.