Maungio ya jipsamu yanaonekana hata baada ya rangi, naombeni ushauri kabla sijarudia

Mama Neema, Moshono, Arusha
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa nane nilimwita fundi agawanye sebule kwa jipsamu ili kijana wangu apate chumba chake. Fremu ya ndani aliisimamisha vizuri, bodi za milimita 12 akazifunga kwa skrubu, ukuta umenyooka kabisa. Shida ipo kwenye kumalizia. Maungio aliyaziba mara moja tu, siku hiyohiyo akapiga msasa, jioni akawa ameshapaka rangi ya maji mara mbili.

Mchana ukisimama mlangoni huoni kitu. Usiku nikiwasha taa ya pembeni, kila ungio linatokeza kama mshipa wa mkono, na vichwa vya skrubu vinahesabika. Nimehesabu 31 upande mmoja. Juu ya mlango kuna ufa mwembamba kama unywele, unaanzia kona ya fremu unapanda hadi darini. Halafu palipozibwa pamefubaa na kwingine panang'aa kidogo, wakati rangi ni ya ndoo moja.

Fundi hapokei simu. Mwingine aliyekuja jana anasema tupake rangi nzito, ikishindikana tupige simenti nyeupe ukuta mzima. Kipaimara cha kijana kimebaki wiki tano, na shangazi zake wanashuka kutoka Marangu kulala hapa. Naumia kwa sababu hela niliidunduliza kwenye kikoba. Nianzie wapi?

Msasa120
Pole sana dada. Rangi usinunue kwanza. Rangi haifichi mwinuko, inaupamba tu, na ukipaka yenye kung'aa ndiyo utauona zaidi. Na simenti nyeupe juu ya jipsamu naomba uikatae. Simenti na jipsamu zikikutana penye unyevu zinapigana, tabaka linavimba, linapasuka na kubanduka. Nimebandua kazi za namna hiyo Njiro na Sakina, linatoka vipande vizima kama ganda la yai.

Puti, yaani ule ujiuji wa kuzibia maungio, ikikauka inasinyaa, ndiyo maana kuziba mara moja hakutoshi. Ungio linataka mara tatu. Ya kwanza ni ya kulaza tepu, ule utepe unaoshikisha bodi mbili ungio lisipasuke, nayo iwe nyembamba. Ya pili unaitanua kila upande. Ya tatu inafika upana wa sentimita 30 hivi, pembeni ikiishia na sifuri, yaani ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho usijue ilipoanzia. Penye ncha za bodi zilizokatwa kwa kisu tanua zaidi, hata sentimita 50, kwa sababu hazina ule mbonyeo wa kiwandani wa kupokea puti.

Kufubaa kwa rangi ni kukosa praima, yaani rangi ya kuandalia ukuta inayotangulia rangi yenyewe. Karatasi ya bodi na puti hazinywi rangi sawa. Mafundi rangi wanalaumiwa sana kwa hili wakati kosa lilishafanyika kabla hawajaitwa.

Fanya hivi usiku wa leo: zima taa zote, laza tochi ya simu ukutani, mwanga upite sambamba na ukuta. Kila kivuli utakachokiona kizungushie penseli. Halafu kwangua ungio moja uone kama kuna tepu.

Mpare wa Makanya
Naongeza kuhusu puti ya unga, ile unayoikoroga mwenyewe. Kwetu Same jipsamu inachimbwa, tumekua tukiona malori yanapita nayo. Unga wa jipsamu ukishatiwa maji unaganda wenyewe, hausubiri jua, kwa hiyo koroga kidogo kidogo kiasi cha kumaliza upesi. Ndoo ioshwe kila mara. Mabaki yaliyoganda yakichanganyika na unga mpya yanauharakisha, fundi anaanza kuongeza maji ili aulainishe, na hapo umeshaharibika. Utakauka laini kama chaki, utapukutika.

Ila kuganda siyo kukauka. Ukiona pana rangi ya kijivu bado pana maji. Usipige msasa mpaka pawe peupe pote.

Kijana wa Rau
Mimi hapa Moshi nilitumia ile tepu ya nyavu yenye gundi, nikaifunika kwa puti ya ndoo iliyokwisha kukorogwa. Miezi mitatu tu nyufa zikarudi. Baadaye nikaelezwa kwamba nyavu inataka unga unaoganda, puti ya ndoo ikae na tepu ya karatasi. Nilirudia kwa karatasi, msimu wa masika umepita na haijapasuka.

Mama Neema
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwangua maungio mawili. Hakuna tepu kabisa, ni puti tupu. Nimekaa chini nikalia kidogo, naomba mnisamehe. Na ule ufa wa mlangoni?

Msasa120
Usilie dada, ukuta wenyewe ni mzima. Ufa huo unaonyesha bodi mbili zimekutanishwa palepale kwenye kona ya mlango. Kila mlango ukibamizwa, pale panatikisika. Ilitakiwa bodi moja ikatwe umbo la L ipite juu ya kona. Kwa sasa ongeza skrubu pande zote mbili za ufa ziingie kwenye fremu, fungua ufa kwa kisu uwe kama herufi V, ziba, laza tepu ya karatasi, kisha utanue mara mbili.

Maungio yote kwangua rangi na puti ya zamani upate pa kushika. Skrubu iliyotoboa karatasi haishiki tena, weka nyingine sentimita 5 pembeni. Kichwa kizame kidogo tu, karatasi isichanike. Msasa namba 120, umalizie na 180, barakoa usoni na watoto wawe nje, vumbi hilo si la kuvuta. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, praima ukuta mzima mara moja, rudia tochi, ndipo rangi isiyong'aa mara mbili.

Mama Neema
Nimepata fundi wa Kijenge, amekubali kusimamiwa. Jumamosi tunakwangua. Mvua za vuli zimeanza, nyumba ina baridi. Kati ya tabaka na tabaka niache siku moja au mbili?

Msasa120
Kwa puti ya ndoo acha mbili, madirisha wazi mchana. Wiki tano zinakutosha. Akitaka kuharakisha, mwonyeshe palipo na kijivu.