Tupeane uzoefu: nini kilikushawishi kupunguza mbolea ya nitrojeni ili kulinda maji?

Mwanabonde (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Nalima mahindi na mboga, na maji yanayotoka shambani kwangu yanaishia kwenye mto unaonyweka na watu wengi huko chini. Nimekuwa nikiwahimiza majirani tupunguze mbolea ya nitrojeni, na nimegundua kwamba ukianza na "mnachafua maji" mazungumzo yanaishia hapo hapo. Ukianza na mbolea aliyoinunua mwenyewe ikaenda na mvua, anakusikiliza.

Maana ndivyo ilivyo. Ukiweka yurea au CAN, mbolea za viwandani zenye nitrojeni, hatimaye sehemu kubwa ya nitrojeni hugeuka kuwa naitreti, na naitreti haing'ang'anii chembe za udongo. Inayeyuka na kufuata maji. Kwenye nafaka, mara nyingi karibu nusu tu ya nitrojeni tunayoweka ndiyo inayoingia kwenye mmea. Iliyobaki, nyingine hupotea hewani, nyingine hukaa udongoni, nyingine huzama hadi kwenye visima au hutiririkia mtoni.

Naomba waliopunguza watueleze: walianzaje, nani aliwashawishi, na mavuno yalikuwaje?

Jembe Fupi:
Mkuu, kwangu bwana shamba hakuja na hotuba. Aliomba nimwachie mistari michache katikati ya shamba langu: mmoja bila mbolea ya kukuzia kabisa, mwingine nusu ya kiwango changu, mwingine robo tatu, mwingine kiwango changu cha siku zote, na wa mwisho zaidi ya hapo. Tulivuna kila mstari peke yake na kuupima kwenye mizani.

Mstari wa nusu ulibaki nyuma kidogo. Robo tatu na kiwango changu sikuona tofauti ya maana. Ule uliozidishiwa haukuongeza punje, ila uliongeza majani, na upepo ulipovuma ndio uliolala. Lakini mstari ulionifikirisha zaidi ni ule usiopewa kitu. Haukuwa mtupu hata kidogo! Ardhi yangu ilikuwa na nitrojeni yake kutokana na mabaki ya mazao na maharage ya msimu uliotangulia, na nilikuwa siihesabu. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mkulima anapaswa kuianza nayo, na huwezi kuipata bila kuacha kipande bila mbolea.

Tangu hapo majirani wanapita wenyewe kuangalia mistari. Sihitaji kuwahubiria.

Nesi wa Kliniki:
Nawashukuru kwa mada hii, kwa sababu huku kwetu tunaona upande wa pili. Mtoto mchanga akinyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi, mwilini mwake naitreti hugeuka kuwa naitraiti, na hiyo huizuia damu kubeba oksijeni. Midomo na kucha hubadilika rangi kuwa ya bluu. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliliandika hili mwaka 1945, akilihusisha na maji ya visima vya mashambani. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita.

Naomba kila mtu alishike hili: kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki, kwa hiyo kiwango chake kinapanda. Klorini nayo haiiondoi. Mama anachemsha kwa moyo wote akiamini anamlinda mwanawe. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa mtoto huyu ni mkulima mwenye shamba lililo juu ya kisima.

Kamati ya Maji:
Naongezea hapo kwa Nesi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti kwa lita. Marekani wanatumia 10, na watu wakilinganisha namba hizo wanachanganyikiwa. Ile 50 inapima naitreti nzima, ile 10 inapima nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Naitreti ina uzito mara 4.43 ya nitrojeni iliyomo, kwa hiyo ukizidisha 10 kwa 4.43 unapata takriban 44, kwa hiyo vipimo hivyo viwili viko karibu. Ukipewa jibu la maabara, uliza kwanza limeandikwa kwa njia ipi.

Sisi tulianza kuwaalika wenye mashamba siku ya kupima kisima. Mkulima anachovya kipande cha karatasi ya kupimia naitreti mwenyewe, anakiona kikibadilika rangi mkononi mwake. Tulipima baada ya mvua kubwa na tukapima tena wakati wa kiangazi, maana kipimo cha siku moja hakikuambii mengi. Na tuseme ukweli ili wakulima wasione wanaonewa: choo kilichochimbwa karibu na kisima huleta naitreti vilevile, na zizi la mifugo pia. Tulipolikubali hilo hadharani, wakulima walilegeza mikono waliyokuwa wameikunja.

Bibi Shamba:
Wanangu, mimi nitasema tofauti. Wapo tunaoweka mbolea kiganja kimoja kwenye ardhi iliyochoka miaka mingi. Mkituambia tupunguze, tupunguze nini? Mahindi yangu yakiwa ya njano, mizizi yake ni mifupi, hayafuniki udongo, mvua inachukua tabaka la juu lote. Huo mto wenu mtauona mwekundu kwa matope.

Mwanabonde:
Shikamoo Bibi. Umesema jambo kubwa, na nalichukua kama lilivyo. Ujumbe wa kupunguza unamhusu anayeweka kuliko mmea unavyoweza kula. Anayeweka kidogo kwenye ardhi iliyochoka anahitaji samadi, mikunde, na pengine mbolea zaidi kidogo, ila iwekwe kwa wakati wake. Tukimpa kila mtu ujumbe mmoja tutawadhulumu wengine, na hatutaaminiwa tena.

Mfugaji wa Kilimani:
Mmeitaja samadi. Watu wengi wanadhani kwa kuwa ni ya asili haina madhara kwa maji, kwa hiyo wanamwaga samadi kisha wanaweka yurea kiwango kile kile. Samadi ina nitrojeni nayo. Umoja wa Ulaya, kupitia sheria yao ya naitreti ya mwaka 1991, waliweka ukomo wa kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo yaliyo hatarini. Hawakuiweka bure.

Mimi nilipoanza kuihesabu samadi kama mbolea kamili, yurea ilipungua yenyewe. Nailundika mahali palipoezekwa, mbali na mfereji, siitandazi mvua kubwa ikiwa inakaribia.

Afisa Ugani:
Niongezee la mifuko, maana naliona kila msimu. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko kama huo wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13. Mkulima akikosa CAN anachukua yurea, mfuko kwa mfuko, na hapo ameweka karibu mara mbili bila kukusudia. Tukifundisha kuhesabu kilo za nitrojeni badala ya mifuko, tunaokoa maji mengi bila hata kuyataja.

La pili ni wakati. Mahindi hula nitrojeni kwa kasi kuanzia yanapofika magotini hadi kukaribia kutoa mbelewele. Ukiweka yote siku ya kupanda, umemwekea mtoto mchanga sahani ya mtu mzima, na mvua za mwanzo zinakuja kuimaliza. Gawanya. Kidogo wakati wa kupanda, kinachobaki mmea ukiwa na mizizi ya kukipokea, na yurea ifukie. Ikibaki juu ya udongo wenye unyevu, inaondoka kama gesi ya amonia.

Mpunga Mbichi:
Kwenye mpunga tunatumia kadi ya rangi ya majani. Unalinganisha jani na kadi. Likiwa bado na kijani cha kutosha, huweki. Kadi imenishawishi kuliko semina yoyote, kwa sababu inanijibu mimi, kwenye jaruba langu, siku ile ile. Na ukishaweka mbolea usifungulie maji yatoke jarubani, mbolea unaipeleka yote kwa jirani.

Jembe Fupi:
Swali kwa wote: mkulima akipunguza halafu msimu ukaharibika, nani anambeba? Wengi wanaweka ziada kama bima. Wanajua ni nyingi, ila wanaogopa.

Kamati ya Maji:
Hapo ndipo penye kazi hasa. Mji wa Munich, Ujerumani, ulianza mwaka 1992 kuwalipa wakulima wa bonde la Mangfall, linalotoa maji ya mji, ili wageukie kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea za viwandani. Mtumiaji wa maji alikubali kubeba sehemu ya hatari ya mkulima. Naamini hiyo ndiyo haki. Sisi anayekunywa maji hatujamfikisha huko, ila tumekubaliana kwamba mwenye shamba akijaribu kupunguza, aanze na kipande kidogo tu, na mbegu ya mazao ya kufunika udongo baada ya mavuno inatoka kwenye mfuko wa kamati. Mazao hayo hunyonya naitreti iliyobaki kabla mvua haijaizamisha.

Bibi Shamba:
Na ukingo wa mto je? Mnasema tuuache, lakini ndipo penye rutuba.

Afisa Ugani:
Bibi, usiuache mtupu. Panda nyasi za malisho, ukate ulishe mifugo, mbolea tu ndiyo isifike hapo. Mizizi yake inanasa udongo na sehemu ya naitreti inayoshuka na maji. Shamba likiwa na mteremko mkali, ongeza upana. Na kama kuna mfereji unaopita katikati ya nyasi hizo moja kwa moja hadi mtoni, uzibe kwanza, maana maji yatapita humo na nyasi hazitakusaidia.