Tupeane uzoefu: Anajua jibu ila hanyooshi mkono, ulimsaidiaje?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza, shule ya kata, mkondo mmoja una wanafunzi 78, dawati moja watatu. Mwaka jana nilikuwa na binti anakaa kando ya dirisha. Daftari lake nikisahihisha ni vema tupu. Nikiuliza swali darasani, anainamisha uso. Siku moja nikamsimamisha. Akaanza kwa Kiingereza, neno la tatu likamkwama, darasa likaangua kicheko. Akabaki anakwangua dawati kwa ukucha mpaka nikamwambia akae. Wiki mbili zilizofuata, kila kipindi changu anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Iliniuma, maana kosa lilikuwa langu. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia sekondari kila kitu Kiingereza, halafu mimi namsimamisha peke yake mbele ya wenzake wote. Nikabadilika. Sasa wanaongea kwanza na jirani dakika moja, Kiswahili ruksa. Kisha siulizi "jibu ni nini", nauliza "jirani yako amesemaje?" La mwenzako halitii aibu kama la kwako. Kiingereza cha jibu hilo tunakitafuta wote ubaoni.

Kilichomfungua hasa ni somo la osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kwenda upande wenye chumvi nyingi. Tuliloweka vipande vya kiazi mbatata, kimoja kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye maji ya chumvi, tukaviacha hadi kesho yake. Nikampa yeye avishike. Akakibonyeza cha chumvi, akasema taratibu, "Hiki kimelegea, mwalimu. Maji yake yametoka." Hakuna aliyecheka, kila mtu alitaka akibonyeze na yeye.

Na nyinyi leteni ya kwenu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nina kigugumizi. Mwalimu wangu wa Historia alikuwa ananiita nje jioni, ananiambia, "Kesho nitakuuliza swali la tatu." Basi. Usiku nalisemea jikoni, bibi anachochea kuni, ananisikiliza bila kuelewa neno. Kesho nikisimama, maneno tayari yameshapita mdomoni mara kumi. Darasa halikuwahi kujua tulikuwa na mpango. Hadi leo namwombea dua.

Mchangiaji wa pili:
Walimu wenzangu, mimi niko Kwale, gredi ya tano. Dawa yangu ni kunyamaza. Chuoni tulisoma utafiti wa Mary Budd Rowe, Mmarekani, wa miaka ya 1970. Aliona walimu wengi wakishauliza husubiri sekunde moja hivi, kisha wanajibu wenyewe au wanamrukia mwingine. Wakingoja 3 au zaidi, majibu yanarefuka na wanaojitolea wanaongezeka. Nami huhesabu vidole nyuma ya mgongo, hadi tano. Kwenye cha nne ndipo mkono wa kona ya nyuma huanza kuinuka, kiganja tu kwanza, kiwiko kingali mezani. Ningekuwa na haraka nisingeuona kamwe.

Mchangiaji wa tatu:
Kwa heshima zote, tusiwalemaze. Mtihani wa taifa haubembelezi mtu.

Mleta mada:
Mkuu, nakuelewa, ila mtihani ni karatasi na kalamu, huko huyu binti hana shida. Shida yake ni watu. Usaili wa kazi atakaa mbele ya watu, kliniki atamweleza daktari anapoumwa. Sauti hiyo aipatie wapi kama si kwetu?

Mchangiaji wa nne:
Mimi ni mzazi. Mwanangu mwalimu wake alimwita "bubu" mbele ya darasa, na jina likashika mtaa mzima. Walimu, nawaomba, msimpe mtoto jina. Mwalimu aliyefuata alimpa kazi ya kugawa madaftari kila asubuhi. Ili agawe lazima aite majina kwa sauti. Alianza kwa kunong'ona, wenzake wakawa wanasogea mbele ili wamsikie. Kufika Agosti anaita akiwa mlangoni na wa nyuma wanaitika.

Mchangiaji wa kwanza:
Hii ya madaftari naichukua. Jumatatu naanza nayo.